Meli Iliyozama Barafuni na Majahazi ya Sur

Mtu anayefika katika mji wa Sur, mashariki mwa Oman, huliona kando ya hori la bahari jahazi kubwa la mbao lililosimama nchi kavu. Jina lake ni Fath al-Khayr. Jahazi hilo ni la aina ya ghanja, lilijengwa mjini humo mwaka 1951, na urefu wake unapindukia mita 20. Tezi yake imechongwa nakshi kama mlango wa nyumba ya Unguja, na ncha ya omo yake imemalizikia kwa umbo la ua la petali tatu. Mgeni anaweza kulizunguka, kuligusa na kuhesabu mbao zake.

Hata hivyo kuna jambo ambalo jahazi hilo haliwezi kumwonyesha mgeni, nalo ni namna lilivyokuwa likitembea. Foromali ndefu namna ile iligeuzwaje upepo ulipobadilika? Watu wangapi walivuta kamba moja, na walisimama wapi? Abiria walilala wapi usiku, na moto wa kupikia uliwashwa upande gani? Maswali hayo alikuwa akiyajibu mtu aliyekuwamo chomboni, na watu hao wanazidi kupungua kila mwaka.

Upande wa pili kabisa wa dunia, chini ya Bahari ya Weddell katika bara la Antaktika, iko meli nyingine ambayo hakuna mgeni anayeweza kuigusa, lakini mtu yeyote anaweza kuiona ikivunjika. Meli hiyo ni Endurance. Ilizama mwaka 1915, na picha za sinema za siku zake za mwisho zingali zikitazamwa hadi leo. Makala haya yanaeleza ni kwa nini meli moja iliachia ulimwengu sura yake inayotembea, ilhali majahazi ya Sur, ambayo kwa mamia ya miaka yaliiunganisha Oman na Afrika Mashariki, yalitoweka karibu yote bila ya kuacha kivuli.

Endurance ilijengwa Sandefjord, nchini Norway, na kuteremshwa majini Desemba 1912 ikiitwa Polaris, yaani Nyota ya Kaskazini. Ilikuwa na milingoti mitatu, mashine ya mvuke, na urefu wa mita 44 hivi. Sir Ernest Shackleton, mzaliwa wa Ireland, aliinunua kwa azma ya kulivuka bara zima la Antaktika kwa miguu, kutoka bahari hadi bahari. Aliondoka Uingereza Agosti 1914, siku zile zile Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vikianza, na tarehe 5 Desemba meli ikaagana na kisiwa cha South Georgia ikiwa na watu 28.

Kwa msikilizaji wa Sur au wa Mombasa, ambaye barafu anaijua ya ndani ya glasi, yafaa kueleza kilichofuata. Bahari ya Weddell huganda juu, lakini ganda hilo halitulii mahali pamoja. Huvunjika mapande makubwa mithili ya viwanja vya mpira, na mapande hayo husukumwa na upepo na mkondo, yakagongana, yakapandiana na kuvibana vyote vilivyomo kati yao. Januari 1915 Endurance ilinaswa. Kwa miezi kumi ilichukuliwa huku na huko kama punje iliyokwama katika unga wa ngano uliokandwa. Tarehe 27 Oktoba mataruma yalipoanza kukatika na maji kujaa ndani, Shackleton aliamuru watu washuke na kupiga mahema juu ya barafu.

Miongoni mwao alikuwamo Frank Hurley, mpiga picha aliyezaliwa Sydney, Australia, mwaka 1885. Kamera ya sinema ya zama zile haikutumia umeme. Mpigaji alizungusha mkono wa chuma ubavuni mwa kisanduku kwa mwendo wa sawasawa, mkanda ukapita mbele ya lenzi kiasi cha picha 16 kila sekunde. Mkono ukizubaa, watu huonekana baadaye wakikimbia kama sisimizi. Ukiharakisha, huonekana wakielea. Katika baridi kali mafuta ya mashine huganda, na mkanda wenyewe hukauka na kukatika. Hurley alikuwa amejifunza mambo hayo tangu safari yake ya kwanza ya Antaktika pamoja na Douglas Mawson, iliyoanza mwaka 1911. Ndiyo maana milingoti ya Endurance ilipoanza kuanguka, yeye alikuwa amekwisha isimamisha kamera yake juu ya barafu, akawa anazungusha. Sehemu hiyo ya filamu ni ya sekunde chache tu, lakini mtazamaji huona kamba zikilegea na miti mikubwa ikiinama na kulala, kana kwamba imechoka.

Kisa kilichofuata ndicho kinachostahiki kuzingatiwa zaidi. Mikanda na vioo vya picha vilikuwa vimebaki katika chumba kilichokwisha furika. Hurley alivua nguo zake, akazama katika maji yaliyochanganyika na vipande vya barafu, akayatoa makasha yake. Siku chache baadaye aliketi juu ya barafu pamoja na Shackleton kuchagua, kwa kuwa zana zile zilikuwa nzito na mbele yao kulikuwa na safari ya kukokota mashua. Waliweka vioo vipatavyo 120. Vilivyosalia, takriban 400, Hurley alivivunja kwa mkono wake, ili asije akapata fursa ya kubadili mawazo. Mikanda ya sinema ilifungwa katika makopo ya bati yasiyopenya maji. Kamera kubwa ziliachwa, na tangu siku hiyo alibaki na kamera ndogo ya mfukoni na mikanda mitatu ya picha.

Tarehe 21 Novemba 1915 meli ilizama. Watu waliishi juu ya barafu hadi Aprili, kisha wakaingia katika mashua tatu na kufika kisiwa cha Elephant. Kutoka hapo Shackleton na wenzake watano wakavuka bahari kali ya kusini kwa mashua moja iitwayo James Caird, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi South Georgia. Tarehe 30 Agosti 1916 meli ya Chile, Yelcho, chini ya nahodha Luis Pardo, iliwachukua watu 22 waliobaki kisiwani, wote wakiwa hai. Kundi lililotumwa upande wa pili wa bara, katika Bahari ya Ross, halikuwa na bahati hiyo, kwani lilipoteza watu 3.

Inafaa kukumbusha hapa kwamba safari ya James Caird, ambayo ndiyo ushujaa mkubwa kuliko yote katika kisa hicho, haikupigwa sinema hata kwa sekunde moja. Mpiga picha alikuwa amebaki kisiwani. Mwaka 1917 Hurley alirudi South Georgia kupiga picha za ndege na wanyama wa bahari ili filamu ipate urefu wa kutosha, na ilipotolewa mwaka 1919 kwa jina la South, watazamaji waliona pengwini wengi mahali ambapo ingepasa kuonekana mashua. Kwa hiyo hata filamu hiyo mashuhuri ina tundu katikati yake, na tundu hilo lilizibwa kwa maneno ya waliokuwamo.

Tarehe 5 Machi 2022 watafiti waliokuwa katika meli ya Afrika Kusini, S.A. Agulhas II, waliikuta Endurance katika kina cha mita 3,008. Imesimama wima, na jina lake linasomeka tezini pamoja na nyota iliyobaki kutoka zama za Polaris. Mahali ilipo palikuwa kilomita chache tu kutoka pale nahodha Frank Worsley alipopaandika mwaka 1915. Mwaka 2024 ilitolewa filamu mpya iliyounganisha mikanda ya Hurley na picha za chini ya bahari.

Msikilizaji anaweza kudhani kwamba Hurley alipelekwa Antaktika kwa sababu ya elimu. Ukweli ni kwamba alipelekwa kwa sababu ya deni. Shackleton alikuwa amezikopea gharama za safari yake kwa kuziuza mapema haki za filamu na za picha ambazo hazijapigwa. Kamera ile ilikuwa dhamana. Hurley alipozama katika maji ya barafu, alizamia pia fedha za kuwalipa waliokopesha, na jambo hilo halimpunguzii ushujaa wake hata kidogo.

Manahodha wa Sur nao walikuwa na madeni. Biashara ya majahazi katika Bahari ya Hindi kwa sehemu kubwa iliendeshwa kwa fedha za kutangulizwa: mfanyabiashara alimpa nahodha mali au fedha kabla ya msimu, nahodha akawakopesha mabaharia ili wawaachie chakula wake zao na watoto wao, na hesabu ikafanywa chombo kiliporudi. Lakini mdai wa Sur hakuwa na haja ya picha. Alichokitaka ni faida ya tende, samaki wakavu na chumvi, na marejeo ya boriti za mikoko, nazi na karafuu. Sinema ilikuwa imekwisha buniwa, na ghanja zilikuwa zikipita kila mwaka mbele ya macho ya watu wenye kamera katika bandari za Maskati, Mombasa na Zanzibar. Aghlabu zilipigwa picha zikiwa zimetia nanga. Aliyelipia sinema ya baharini alitaka barafu.

Majahazi hayo yalifuata pepo mbili. Kaskazi ilipotulia, kuanzia mwishoni mwa mwaka, yaliteremka kupita Ras al-Hadd na pwani ya Somalia hadi Lamu, Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji. Kusi ilipoanza kuvuma, yapata mwezi wa Aprili, yalipanda kurudi. Aliyechelewa akarudi katikati ya kusi alikutana na bahari iliyochafuka karibu na Masirah, na hapo ndipo familia nyingi za Sur zilipowapoteza watu wao. Sitahani hawakuwamo mabaharia peke yao. Watu wa Ibra, wa Al Mudhaybi na wa vijiji vya Ash Sharqiyah walishuka na ngamia hadi pwani, na wa Nizwa na maeneo mengine ya Ad Dakhiliyah nao walipitia Maskati au Sur kwenda kutafuta maisha Unguja, Pemba na bara. Ukoo wa Al Harthi wa Ash Sharqiyah, kwa mfano, ulikuwa na nguvu kubwa Zanzibar tangu kabla ya utawala wa Seyyid Said kuimarika huko. Wengi walioa na kuzaa ng'ambo, na ndiyo sababu hadi leo Kiswahili husikika katika mabaraza ya Ibra na Sur.

Hali kadhalika, si haki kuificha shehena nyingine. Katika karne ya 19 baadhi ya majahazi ya Sur yalibeba watumwa, na baadhi ya wamiliki walipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Uingereza zisivipekue vyombo vyao. Mzozo huo ulifikishwa mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, iliyotoa hukumu Agosti 1905. Kwa hivyo watu wanaosimulia safari hizo wamo wa aina mbili, waliopanda kwa hiari yao na waliopandishwa, na kizazi cha hao wa pili nacho kinaishi Sur.

Ama kuhusu vyombo vilivyozama, bahari yenyewe ina hukumu tofauti kaskazini na kusini. Katika maji ya joto ya Bahari ya Hindi yumo mnyama mdogo wa jamii ya chaza, mwenye umbo la mnyoo, anayetoboa mbao na kuzila. Mabaharia walimjua vyema. Kila msimu jahazi lilipwelewa ufukweni, likasuguliwa, na chini yake kupakwa shahamu, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, huku juu likipakwa sifa ya papa. Chombo kikishazama hakuna wa kukipaka shahamu, na baada ya miaka michache hubaki misumari na mawe ya farumi. Pembezoni mwa Antaktika hakuna miti, hivyo mnyama yule hana makao, na ndiyo maana Endurance imekaa chini kwa zaidi ya karne moja huku ubao wake ukiwa mzima.

Ushahidi wa jambo hilo ulipatikana katika maji ya Oman yenyewe. Mei 1503 meli mbili za Kireno zilizoongozwa na Vicente na Brás Sodré, wajomba wa Vasco da Gama, zilitia nanga katika kisiwa cha Al Hallaniyah, pwani ya Dhofar. Maandiko ya Wareno yanasema kwamba wenyeji waliwaonya kuwa upepo mkali unakuja na wakawataka wahamie upande wa pili wa kisiwa. Wareno walizitegemea nanga zao, na meli zikapigwa miambani. Vicente Sodré alikufa hapo pamoja na meli yake, Esmeralda. Wizara ya Urithi na Utamaduni ya Oman na kampuni ya mtafiti David Mearns zilichimbua mahali hapo kati ya mwaka 2013 na 2015, na Machi 2016 zikatangaza kuwa mabaki hayo kwa kila dalili ni ya Esmeralda. Zilipatikana risasi za mawe, kengele yenye mwaka 1498, sarafu, na kipande cha duara cha shaba chenye kipenyo cha sentimita 17.5 kilichotumiwa kupimia jua. Gogo la meli lenyewe halikuwapo. Maneno ya wavuvi wale yaliishi zaidi kuliko mkuku wa Esmeralda.

Kuna mtu mmoja aliyeyaona mambo yote mawili, barafu na majahazi. Alan Villiers alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1903. Akiwa kijana wa miaka 20 alikwenda Bahari ya Ross, Antaktika, katika meli ya kuvua nyangumi Sir James Clark Ross iliyoongozwa na Mnorwe Carl Anton Larsen, ambaye meli yake ya awali, Antarctic, ilikuwa imevunjwa na barafu mwaka 1903. Mwaka 1929 Villiers na rafiki yake Ronald Walker walipanda merikebu ya matanga, Grace Harwar, ili wapige sinema ya safari ya kuizunguka Rasi ya Horn kabla merikebu za namna hiyo hazijatoweka. Walker aliangukiwa na foromali akafa njiani. Mikanda yao ndiyo iliyotumika katika filamu Windjammer ya mwaka 1930.

Mwishoni mwa mwaka 1938 Villiers alikuwa Aden, akipanda bumu la Kuwait liitwalo Bayan, la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi. Aliamini kwamba anashuhudia miaka ya mwisho ya safari za matanga zilizobaki hai duniani. Alikwenda nao hadi Mogadishu, Lamu, Mombasa, Zanzibar na Rufiji, ambako mabaharia walikata na kupakia boriti matopeni, kisha akarudi nao Maskati na Kuwait mwaka 1939. Kila tanga lilipopandishwa, wavutaji waliimba. Alizikuta ghanja za Sur bandarini, wala hakuwa na maneno matamu juu ya watu wake. Alikuwa mgeni wa Wakuwaiti, na msikilizaji atafahamu kwamba mabaharia wa bandari zinazoshindana hawasifiani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1940, na picha zake zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari huko Greenwich, London. Mtu akitaka leo kujua abiria wa majahazi hayo walikaaje, huanzia hapo. Bayan lilikuwa bumu, chombo chenye ncha mbele na nyuma. Villiers hakusafiri na ghanja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa haraka. Injini ziliwekwa katika vyombo. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalivunja biashara na kuwatawanya maelfu ya watu waliokuwa na asili ya Oman. Mafuta yaligunduliwa, na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970, vijana wa Sur walipata kazi za mshahara zisizomlazimu mtu kukaa miezi minane baharini, na Waomani wengi wa Afrika Mashariki walirejea nchini wakiwa na Kiswahili chao. Ghanja ziliuzwa, zikaachwa zioze horini, au zikapasuliwa mbao. Fath al-Khayr liliishia Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur walichangishana fedha, wakalinunua na kulirudisha nyumbani. Wahenga wanasema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ghanja hilo lilirejea, ila ngama yake haina maji tena.

Sinema ilipofika Sur, ilifika kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1980 Tim Severin, mwandishi na msafiri Mwingereza, alikuja kujenga chombo cha kale kisicho na msumari, mbao zake zikiwa zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kama ilivyokuwa mitepe ya Lamu. Sultan Qaboos aligharimia kazi hiyo. Mafundi wa Sur walikuwapo na ufundi wao wa kuunda ulikuwa haujafa, lakini ilidhihirika kwamba ushonaji wa vyombo vikubwa ulikuwa umetoka mikononi mwao. Washonaji ilibidi waletwe kutoka visiwa vya Lakshadweep, India, na mbao kutoka pwani ya Malabar. Chombo hicho, Sohar, kiliondoka Maskati tarehe 23 Novemba 1980 kikiwa na mabaharia Waomani miongoni mwa watu wake, na kikafika Canton, China, Julai 1981. Safari yote ilipigwa filamu. Watazamaji wanaweza kuona jinsi kamba inavyopitishwa tunduni na kukazwa, na watu wakihangaika na foromali iliyovunjika kabla ya kufika Sumatra. Kwa maneno mengine, filamu bora ya ujenzi wa jahazi mjini Sur inaonyesha ufundi ambao Sur ilikuwa imekwisha usahau na kuuazima upya.

Mtepe nao una kisa kama hicho. Wa mwisho walionekana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na mmoja ulijengwa upya na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Chombo kingine kilichozama mbele ya macho ya watu kiliondoka Sur yenyewe. Huko Ras al-Jinz, pwani inayojulikana kwa kasa wake, watafiti walikuwa wamechimbua vipande vya lami vya kale, vya yapata miaka 4,500, vilivyobeba alama za matete na kamba upande mmoja na viumbe wa bahari upande wa pili. Vilikuwa mabaki ya mpako wa vyombo vya zama ambazo Wasumeri waliiita nchi hiyo Magan. Chombo kilijengwa kwa kufuata alama hizo, cha matete na lami, urefu wa mita 12, na tarehe 7 Septemba 2005 kikang'oa nanga kwenda India kikiwa na watu 8. Maji yaliingia mapema. Hakikufika mbali na pwani kabla ya kuzama, na watu wote wakaokolewa na meli ya jeshi la majini la Oman iliyokuwa ikikisindikiza. Baadhi ya magazeti yalilichukulia tukio hilo kuwa ni kichekesho. Kwa wajenzi lilikuwa jibu la kitaalamu: alama za matete katika lami zinaonyesha mpako ulivyokuwa, hazionyeshi mkono ulioupaka.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya Hurley na bahari ya Sur. Mjenzi anayetaka kuiunda Endurance upya anazo ramani za kiwanda, picha, filamu, na sasa gogo zima lililopimwa kwa mitambo chini ya bahari. Anayetaka kuunda ghanja analo Fath al-Khayr la kupima mbao zake. Kuhusu namna ya kuliendesha, lazima aulize watu. Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka na Kumbukumbu ya Oman, iliyoundwa mwaka 2007, ina mradi wa kurekodi masimulizi ya wazee. Kazi hiyo ina ugumu ambao mtu wa mbali hawezi kuukisia: baharia mzee wa Sur husimulia kwa Kiarabu mpaka anapofika Lamu, na baada ya hapo maneno ya bandari, ya bei, ya chakula na ya watu aliowaacha humjia kwa Kiswahili. Anayerekodi asipokijua Kiswahili, hupata nusu ya safari.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 siku Fath al-Khayr lilipoteremshwa majini alizaliwa mwaka 1936. Endurance inalindwa na Mkataba wa Antaktika, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa wala kuchukua kitu humo. Watafiti wanaweza kuirudia baada ya miaka 50 na kuikuta pale pale. Huko Sur, meli kubwa za gesi hupakia Qalhat, kaskazini kidogo ya mji, kama zinavyofanya tangu mwaka 2000, na hupita mbele ya hori ambamo ghanja zilikuwa zikisubiri kaskazi, zikielekea Asia ya Mashariki.